TUSIPIGE KURA YA SUTI

Ndugu Wafanya Kazi,

Jumanne tarehe 10 Agosti 2027 ndiyo siku iliyowekwa na Katiba kwa uchaguzi mkuu wa nchi hii. Kila mwenye kura atapewa karatasi sita: ya Rais, ya Gavana, ya Seneta, ya Mbunge, ya Mwakilishi wa Wanawake, na ya Mjumbe wa Bunge la Kaunti. Ni karatasi sita mbalimbali, na masanduku sita mbalimbali. Hakuna sheria inayosema ya kuwa zote sita sharti ziwe za chama kimoja.

Lakini mabwana wa vyama hawapendi tulijue jambo hilo. Kila uchaguzi hupita katika mitaa yetu na magari ya vipaza sauti wakisema, "Suti! Suti nzima, vipande sita!" Maana yao ni kwamba ukimpenda mkubwa wa chama, basi uwachukue na wale watano wengine waliosimama nyuma yake, hata kama huwajui majina, hata kama mmoja wao ni mtu ambaye usingemkopesha baiskeli yako mpaka jioni.

Mimi ni mfanya kazi wa Reli. Sikusoma sana, nilimaliza shule ya msingi ya misheni, basi. Lakini hesabu ya kujumlisha na ya kutoa naijua, na hiyo ya kutoa tunafundishwa tena kila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nawaambia wenzangu: suti hii tusiivae. Suti hushonwa kwa kupima mwili wa mvaaji, na hii haikupimwa kwa mwili wa mfanya kazi hata kidogo.

MSHAHARA HUKATWA BUNGENI

Wengi wetu tukipokea karatasi ya mshahara tunamkasirikia karani wa hesabu. Karani hana kosa. Yeye hufuata sheria, na sheria hutungwa Bungeni.

Chukua mtu anayepata shilingi 30,000 kwa mwezi. Kwa bima ya afya iliyoanza Oktoba 2024 hukatwa asilimia 2.75, ndiyo shilingi 825. Kwa sheria ya nyumba ya Machi 2024 hukatwa asilimia 1.5, ndiyo shilingi 450. Kwa NSSF hukatwa asilimia 6, ndiyo shilingi 1,800, na zamani alikuwa akikatwa shilingi 200 tu. Jumla ni shilingi 3,075, na kodi ya mapato ina fungu lake mbali.

Sisemi kwamba kila kato ni wizi. Akiba ya uzeeni ni akiba yangu, na mgonjwa sharti atibiwe. Ninachosema ni hiki: kila shilingi katika hizo ilipita mbele ya Wabunge kabla ya kuondoka mfukoni mwangu, na kila Mbunge alikuwa na mdomo wa kusema ndiyo au la.

Na mjue ya kuwa sheria ni kama gari la mizigo. Hupakiwa leo na kufika baadaye, lakini hufika. Ile sheria mpya ya NSSF ilipitishwa mwaka 2013. Ikashitakiwa, ikakaa mahakamani miaka mingi, na makato yake yakaanza mwezi wa Februari 2023. Vijana walioanza kazi mwaka huo wanalipa kwa sheria iliyopitishwa wakiwa bado na kaptula za shule. Vilevile ile ya nyumba. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema ya kuwa kato lile halikufuata Katiba. Tukashangilia. Lakini Bunge likakaa tena, likatunga sheria nyingine, na Machi 2024 ikatiwa sahihi. Basi msidhani ya kuwa mahakama peke yake itatuokoa. Jaji akifunga mlango mmoja, Wabunge wanaweza kutoboa mwingine.

HESABU YA JUNI 2024

Tarehe 25 Juni 2024 Bunge la Taifa lilipigia kura Mswada wa Fedha. Nchi nzima ilikuwa imekwisha kusema haiutaki. Vijana walijaa barabarani Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru, Eldoret, na hata katika miji midogo ambako haijapata kuonekana maandamano. Wabunge walihesabiwa: 195 wakasema ndiyo, 106 wakasema la. Siku ile ile watu walipigwa risasi karibu na Bunge, wakafa. Kesho yake Rais akasema hataweka sahihi yake, na mswada ukaanguka.

Sasa niulize swali moja. Wale 195 walitumwa na nani? Hawakushuka kwa mvua. Tuliwapeleka sisi. Na wengi wao hatukuwapeleka kwa jina wala kwa kazi yao. Tuliwapeleka kwa rangi ya kofia. Mtu aliyeingia Bungeni kwa rangi ya kofia hamwogopi mfanya kazi. Humwogopa mwenye kofia. Akiambiwa "simama," husimama. Akiambiwa "keti," huketi. Akiambiwa "sema ndiyo," husema ndiyo kabla hajageuza ukurasa. Kwa nini akusikilize wewe, hali anajua ya kuwa mwaka 2027 utampa tena kipande chako cha suti bila kuuliza?

VYAMA VYA KUPANGA

Wako watakaosema, "Lakini chama ni chama, ndugu, mtu sharti awe na chama chake." Haya, tuviangalie vyama.

Mei 1963 KANU na KADU walipigana kwa kura vikali, mmoja akitaka serikali moja ya nguvu, mwingine akitaka majimbo. Novemba 1964 KADU ikajivunja yenyewe, na wajumbe wake wakahamia upande wa KANU. Mwaka 1966 ikatoka KPU. Mwaka 1969 ikapigwa marufuku. Mwaka 1982 sheria ikasema chama ni kimoja tu. Desemba 1991 vyama vingi vikaruhusiwa tena, na kabla ya uchaguzi wa Desemba 1992 FORD ikawa imepasuka vipande viwili. Mwaka 2002 ikaja NARC. Mwaka 2007 zikaja ODM na PNU. Mwaka 2013 TNA na URP zikafungwa pamoja, na mwaka 2016 zikageuzwa kuwa Jubilee. Mwaka 2022 UDA ikapigana na Azimio. Halafu tarehe 7 Machi 2025 UDA na ODM, waliokuwa wakiitana majina mabaya juu ya kila jukwaa, wakatia sahihi karatasi moja ya kufanya kazi pamoja. Mwezi wa Mei mwaka ule ule DCP ikazinduliwa na mtu aliyekuwa Naibu wa Rais kwa tiketi ya UDA.

Mimi silaumu watu kupatana. Heri kupatana kuliko kupigana. Nalaumu sisi tunaovishika vyama hivi kana kwamba ni dini ya baba zetu, hali wenyewe wanaviingia na kuvitoka kama nyumba ya kupanga. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi ule mbaya, reli iling'olewa pale Kibera. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika nchi. Na tarehe 28 Februari 2008 wakubwa wakakaa mezani, wakatia sahihi, wakagawana viti vya uwaziri. Mafundi wa njia ndio waliokwenda kuilaza reli upya. Waliokufa hakuna aliyewarudisha. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi, na wakipatana pia hula nyasi hizo hizo.

Basi ikiwa wakubwa wenyewe hawafungwi na vyama vyao, kwa nini mimi nifungwe na suti yao?

"YUNIONI ISIINGIE SIASA"

Wako ndugu wengine, watu wazuri, wasemao ya kuwa Yunioni ni ya mshahara tu, siasa tuwaachie wanasiasa. Hao nawaomba wakumbuke tulikotoka.

Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni hapa Nairobi, Makhan Singh, Katibu Mkuu wa East African Trades Union Congress, alisimama akadai uhuru kamili wa nchi. Mwezi uliofuata akakamatwa, na hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Machi 1957, Waafrika walipochagua wajumbe wao 8 wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, kiti cha Nairobi kilichukuliwa na Tom Mboya, Katibu Mkuu wa Kenya Federation of Labour. Siku hizo kura haikuwa ya kila mtu. Mwenye elimu na mali aliweza kupewa hadi kura tatu, na maskini wengi hawakupewa hata moja. Ni viongozi wa wafanya kazi, pamoja na wengine, waliokataa jambo hilo mpaka likaondolewa. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Tazameni basi aibu yetu. Serikali ya kikoloni ilimnyima mfanya kazi kura kwa nguvu. Leo mfanya kazi anapewa karatasi sita, na kwa mkono wake mwenyewe anazigeuza kuwa moja, anamkabidhi mtu mmoja zote. Esau aliuza haki yake kwa bakuli la dengu, lakini Esau alikuwa na njaa na alikula akashiba. Sisi tunauza kwa fulana na kofia.

Tena kuna jambo la pili. Kusema siasa ni kazi ya Yunioni, lakini kuwa mkia wa chama si kazi yake. Kiongozi wa wafanya kazi, wa Yunioni yo yote, hana ruhusa ya kupanda jukwaani na kutangaza ati wanachama wake wote watapigia chama fulani, kana kwamba sisi ni magunia ya mahindi ya kuhesabiwa na kupakiwa. Ada ya Yunioni hukatwa katika mshahara wangu. Kura yangu haikukatwa pamoja nayo. Na chama kikikwisha kujua ya kuwa tumo mfukoni mwake, kitatupa nini tena? Hakuna mnunuzi anayelipia bidhaa aliyokwisha kupewa bure.

"RAIS ATAFANYAJE KAZI?"

Neno kubwa la watu wa suti ni hili: "Mkimchagua Rais bila kumpa Wabunge wake, atafungwa mikono." Neno hili linaonekana kuwa na akili, kwa hiyo nitalijibu.

Katika kazi yetu, gari la moshi haliondoki kwa sababu injini ni mpya. Kabla ya safari, mkaguzi hutembea chini upande huu na upande ule, anatazama breki za kila behewa na kugonga magurudumu kwa nyundo akisikiliza mlio. Gurudumu zima lina mlio wake, na lenye ufa lina mlio wake. Hajasema hata siku moja, "Injini ni nzuri, mabehewa yapite tu." Akisema hivyo, abiria watakufa kwenye mteremko, na injini nzuri itavutwa bondeni pamoja na mabehewa mabovu.

Bunge ndilo breki. Katiba iliweka Rais mahali pake, Bunge mahali pake, na Bunge la Kaunti mahali pake, ili mmoja akizidisha mwendo mwingine amzuie. Rais mwema hataogopa Mbunge mwenye kuuliza maswali, maana mswada mwema hupita hata ukiulizwa. Na Rais mbaya, je? Huyo ndiye tunayemwekea breki! Mtu anayetuomba tumpe gari lisilo na breki, hata akiwa ndugu yangu wa kijiji kimoja, simpandi.

Na hilo la "mtu wetu" nilimalize hapa hapa. Katika gengi moja la njia utakuta Mkamba, Mluo, Mkikuyu, Mgiriama na Mluhya wakinyanyua reli moja. Reli haiulizi nani ametoka wapi. Mmoja akiachia, huwaangukia wote miguuni. Makato nayo ni hivyo hivyo. Asilimia 1.5 ni ile ile kwa kila kabila. Sijaona karatasi ya mshahara iliyoandikwa "huyu asikatwe, mtu wao yuko juu."

BUNGE LA KAUNTI SI DOGO

Karatasi ya sita ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Watu huipigia wakiwa wamechoka, wakifuata rangi tu. Lakini zahanati unakompeleka mtoto usiku ni ya Kaunti. Maji ya bomba ni ya Kaunti. Shule ya chekechea ni ya Kaunti. Soko ni la Kaunti, na ushuru ambao mama watoto hulipa ili auze sukuma wiki na nyanya umewekwa katika sheria ya fedha ya Kaunti. Kuna Mabunge ya Kaunti 47 na wadi 1,450 katika nchi hii. Mjumbe wa wadi ndiye mtunga sheria anayekaa karibu kabisa na mlango wako, na ndiye tunayemchagua ovyo kabisa.

Sisi watu wa Reli tuna kosa letu maalum katika jambo hili. Tunahamishwa kutoka stesheni hadi stesheni, lakini kura zetu tumeziacha nyumbani kwa wazee. Mtu anakaa Nairobi au Mombasa au Voi miaka kumi, watoto wake wanasoma na kutibiwa pale, lakini Mjumbe wa pale anachaguliwa na wengine, na yeye siku ya uchaguzi au yuko zamu au hana nauli ya kwenda kwao. Sheria inaruhusu kuomba IEBC ikuhamishie kura mahali unapokaa, kabla daftari halijafungwa. Kila tawi liwakumbushe wanachama wake jambo hili mapema.

TUFANYE NINI?

Sipendi kuandika maneno ya kulaumu tu, halafu niweke kalamu chini. Nashauri mambo manne, na matawi yayajadili.

KWANZA. Kila tawi liwaite wote wanaotaka viti vya Ubunge na vya wadi katika eneo lake, wa vyama vyote na wale wasio na chama, waje mbele ya wanachama mmoja mmoja. Asiyekuja, jina lake liandikwe ubaoni ya kuwa hakuja.

PILI. Waulizwe maswali yale yale, na majibu yaandikwe na kutiwa sahihi, kama tunavyofanya na mwajiri. Hatujapata kwenda kazini kwa ahadi ya jukwaani, tunataka mkataba. Maswali yangu ni haya. Je, utatetea kifungu cha 37 cha Sheria ya Kazi ya 2007, kinachosema kibarua akifanya kazi mfululizo ya mwezi mzima ahesabiwe mfanya kazi wa mshahara wa mwezi? Je, utakataa kuongeza kato lo lote la mshahara kabla hatujaonyeshwa hesabu ya fedha zilizokwisha kukatwa? Je, utalinda haki ya kugoma iliyomo katika Kifungu cha 41 cha Katiba, hata siku ambayo chama chako ndicho serikali? Je, utasemaje juu ya ushuru wa sokoni na dawa za zahanati? Na je, mkubwa wa chama chako akikuamuru upige kura kinyume cha sahihi hii, utafanyaje? Hilo la mwisho ndilo nyundo. Sikilizeni mlio wake vizuri.

TATU. Wale waliokuwamo Bungeni Juni 2024 wanaorudi kuomba kura, waulizwe walikuwa upande gani, wa 195 au wa 106, na kwa sababu gani. Akisema alikuwa safarini, aulizwe safari ya kwenda wapi siku kama ile.

NNE. Tawi lisipokee fedha, soda, fulana wala ahadi ya ukumbi kutoka kwa mgombea ye yote. Mkono uliopokea hauna nguvu ya kunyoosha kidole.

Baada ya hayo kila mtu na aende peke yake katika kile kibanda cha kura, na karatasi zake sita, azisome moja moja. Ukiona watu sita wa chama kimoja wote ni wema kweli, wape, hiyo ni haki yako. Hiyo siyo suti, ni uchaguzi. Ukiona wema wako vyama vinne, gawa kura zako kwa vyama vinne. Ukiona mwema hana chama, Katiba inamruhusu kusimama, na wewe unaruhusiwa kumchagua.

Watakuita msaliti. Watasema umeharibu kura. Waulize tu: kura ni ya nani? Tena uwaonyeshe karatasi yako ya mshahara, uwaambie wakuonyeshe ni mahali gani chama chao kimeandikwa upande wa kuongeza.

UMOJA NI NGUVU.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanya Kazi wa Reli